Fokker Dr.I ya rimoti: inazunguka, inapiga pua, inazima. Tuanzie wapi?

Malalamiko ninayoyasikia uwanjani kuhusu modeli za Fokker Dr.I yanafanana karibu neno kwa neno. La kwanza ni hili: "Imetua vizuri kabisa, halafu ikajigeuza yenyewe." La pili: "Redio imeharibika." Redio mara nyingi haina kosa. Ndege yenyewe ndivyo ilivyozaliwa.

Dr.I ni ndege ya kivita ya Wajerumani yenye mabawa matatu. Kiwanda cha Anthony Fokker kule Schwerin kiliitoa mwaka 1917, baada ya Waingereza kuwatia Wajerumani tumbo joto kwa Sopwith Triplane yao. Zilijengwa 320 tu. Manfred von Richthofen, yule Baroni Mwekundu, alipata ushindi 19 kati ya 80 wake akiwa kwenye Dr.I, na ndani ya Dr.I akafa tarehe 21 Aprili 1918. Ndiyo maana kila anayenunua modeli anataka nyekundu.

Itazame kwa ubavu. Bawa la juu lina upana wa mita 7.19, bodi urefu wa mita 5.77. Ni fupi na imeinua kifua kama jogoo. Mkiani hakuna kipande kilichosimama wima bila kucheza: kuna usukani tu, umekatwa kwa umbo la koma. Pua haina urefu wa maana. Aileroni, vile vibao vya kuinamisha ndege kulia au kushoto, ziko kwenye bawa la juu peke yake. Ukiyakumbuka hayo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua kabla hujashika bisibisi.

Jambo moja la lugha: nikisema "mafuta" namaanisha stiki ya nguvu, hata kama mota yako ni ya umeme. Mazoea tu. Na jambo moja la vidole: kila kipimo cha mezani kinachohusu mota, toa propela kwanza. Usijiambie kwamba hutagusa stiki.

"Imetua, ikazunguka kama pia"

Hili ndilo kubwa, kwa hiyo tukae hapa.

Ndege inagusa chini, inakimbia mita mbili tatu, kisha mkia unataka kuipita pua. Bawa la chini linakwangua ardhi upande mmoja, na ikiwa mbaya propela inakwenda nayo. Wenyewe waliorusha ile halisi walikuwa na shida hiyohiyo, na ushahidi umebaki kwenye michoro: chini ya ncha za bawa la chini pana vipande vya mti vilivyopinda, kama miguu ya kiti cha kubembea. Havikuwekwa kwa urembo. Viliwekwa kwa sababu kila mtu alijua ncha ya bawa itafika chini siku moja. Kama modeli yako haina, viweke.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali sana, ni mkono. Rubani ameona magurudumu yamegusa, akashusha pumzi, akakata mafuta yote na kuachia stiki ya eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Usukani wa Dr.I hutegemea upepo unaopita juu yake. Ukikata mafuta ghafla, upepo wa propela unakwisha, na bodi nene na mabawa matatu yanauzuia ule mdogo uliobaki. Usukani unakuwa pambo. Kwa hiyo tua na mafuta kidogo, vuta eleveta mpaka mwisho mara tu magurudumu yakitulia ili mkia ubanwe chini, na endelea kucheza na usukani mpaka ndege isimame kabisa. Si mpaka ipunguze mwendo. Mpaka isimame.

Ya pili ni upepo wa ubavuni. Ndege nyingine itakusamehe, hii hapana. Funga utepe mwepesi kwenye mti pembeni ya uwanja na utue ukiuelekea upepo, hata kama itakubidi ukate uwanja kwa mshazari.

Ya tatu ni lami. Majani mafupi hushika mkia na kuuzuia usichepuke, lami inauachia uteleze. Wenye uwanja wa lami huwa wananibishia hapa, lakini nimewaona wakihamia kwenye majani ya pembeni bila kusema kitu.

Ukiwa umeyarekebisha hayo matatu na bado inazunguka, sasa ipindue ndege mezani. Angalia magurudumu kutoka juu. Kwa mbele yanatakiwa yaangaliane kidogo sana, nyuzi moja au mbili. Yakiwa yanatazama nje, kila mchepuko mdogo utajikuza wenyewe. Zungusha kila gurudumu kwa kidole: likiwa moja linakwama na jingine linateleza, umempata mchawi. Ukimaliza hapo nenda mkiani. Kipande cha kuburuta ambacho hakigeuki na usukani kinaweza kubadilishwa na kinachogeuka, au na kigurudumu kidogo. Wapenda uhalisia watanuna. Wanune.

Cha mwisho ni mahali pa ekseli, na hapa pana mvutano. Ukiisogeza mbele sana, tabia ya kuzunguka inazidi. Ukiirudisha nyuma, unaingia kwenye tatizo linalofuata. Usiguse ekseli kabla hujamaliza yote ya juu.

"Inapiga pua"

Ndege inatua, inasimama kwa pua, mkia juu. Mara nyingi ni majani marefu. Yakifika ekseli, usiruke. Baada ya hapo ni eleveta iliyoachiwa mapema, kisha magurudumu mazito kuzunguka. Ikiwa inapiga pua hata kwenye majani yaliyokatwa vizuri, simamisha ndege ikiwa sawa na ardhi na uone ekseli iko wapi. Inatakiwa iwe mbele ya sehemu ya mizani, ile ambayo ukiibeba ndege kwa vidole viwili inatulia. Ikiwa iko chini yake moja kwa moja, hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa.

Kila baada ya kupiga pua, hata kidogo, kagua propela kwa kupitisha ukucha ukingoni. Ikikwaruza ukucha, itupe. Kagua pia skrubu za mota, na ukuta wa mbao zilikoshikilia. Ukuta ukiwa na ufa, siku hiyo imekwisha, hata kama betri zako nne bado zimejaa.

"Ikianza kukimbia inavuta kushoto"

Umesukuma mafuta haraka. Basi. Hesabu hadi tano ukipandisha stiki, na kidole cha usukani kiwe tayari kulia. Wachache sana watakuta mota imekaa vibaya: inatakiwa iangalie kulia kidogo kama mchoro unavyosema. Washa za bei rahisi, vile vipete vya chini ya skrubu za mota, huwa zimechakaa, hasa baada ya ndege kupiga pua mara kadhaa.

"Inapanda, inashuka, inapanda"

Inaruka kama mashua kwenye mawimbi. Ukigusa eleveta inarukia juu, ukirudisha inazama. Wengi hukimbilia kupunguza mwendo wa sevo, vile vimota vinavyosogeza vibao, kwenye redio. Hiyo inaficha ugonjwa. Eleveta ya Dr.I halisi ilijulikana kwa wepesi na nguvu, hilo ni kweli, lakini modeli ikiyumba hivi mara tisa kwa kumi mizani iko nyuma.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni ya kupima kutoka bawa lisilo sahihi. Mabawa matatu hayakukaa kwenye mstari mmoja. La juu limetangulia mbele ya la kati, la kati mbele ya la chini. Kitabu kinasema "milimita kadhaa kutoka ukingo wa mbele", mtu anapima kutoka la chini wakati mchoraji alimaanisha la juu. Soma tena. Kama kitabu hakisemi ni bawa gani, muulize aliyewahi kuirusha hiyohiyo, usikisie.

Halafu ni uzito. Injini ya kweli, Oberursel Ur.II ya nguvu za farasi 110, ilikuwa donge la chuma lenye silinda tisa zinazozunguka pamoja na propela. Sisi tunaweka mota ya umeme yenye ukubwa wa glasi ya kahawa mahali palepale, tunashangaa pua haina uzito. Sogeza betri mbele mpaka ndani ya kava la injini kabla hujaongeza risasi. Ukiongeza risasi, ibandike mbele kabisa, kwa skrubu na epoksi, maana kipande cha risasi kikibanduka angani umepoteza mizani ukiwa huko juu. Na punguza mkiani: kwa pua fupi namna hii, kila gramu 10 za rangi ya mkia zinaweza kudai gramu 30 mbele. Rangi nyekundu makoti matatu, nani alikutuma?

Ndege ambayo mizani yake hujaithibitisha haipai. Mkabidhi rubani mzoefu aijaribu mara ya kwanza, wewe usimame pembeni.

"Nageuza kulia, pua inaangalia kushoto"

Hilo si tatizo, ni tabia. Aileroni inayoshuka inaburuta upande wake nyuma, na bila kipande cha wima mkiani hakuna cha kuirudisha pua. Geuka kwa usukani kwanza, aileroni baadaye kidogo. Kwenye redio, fanya aileroni zipande zaidi kuliko zinavyoshuka. Unaweza kuchanganya usukani na aileroni kwenye redio pia, ila mimi sipendi: mkono hautajifunza, na siku ya upepo utaujua ujinga wake.

"Nikipunguza mafuta inadondoka kama jiwe"

Mabawa matatu, nguzo, magurudumu, na kibawa cha nne kwenye ekseli ambacho watu wengi hawakitambui. Vyote vinabishana na hewa. Ukikata mafuta, ndege haielei, inashuka. Marubani wa 1917 walikuwa na kitufe cha kukata moto wa injini kwa muda mfupi wanapotua, usiwaige. Shuka na mafuta robo mpaka theluthi, pua chini kidogo, na punguza ukiwa kimo cha goti.

Bawa moja likidondoka kwa ghafla kabla ya kutua, umepunguza mwendo kupita kiasi. Ikiwa ni upande uleule kila mara, pima mabawa. Weka rula chini ya kila bawa, simu yenye programu ya kupima pembe juu ya rula, na linganisha kulia na kushoto. Tofauti ya zaidi ya nusu nyuzi inatosha kukusumbua. Pima yote matatu. Kwenye ndege hii bawa la kati hupinda bila mtu kujua kwa sababu limefichwa.

"Mota inazima baada ya dakika tatu"

Gusa kidhibiti cha mota mara tu baada ya kutua. Ukishindwa kukishika kwa sekunde tano, tatizo ni joto. Uso wa kava la injini ya Dr.I una matundu madogo tu, na nyuma yake tumeweka silinda za plastiki za urembo zinazoziba hata hayo. Hewa inaingia kidogo, haina pa kutokea. Kata tundu la kutokea chini ya bodi, kubwa kuliko ya kuingilia. Ndilo tundu ambalo watu husahau.

Ikiwa hakuna joto, pima betri. Seli ya LiPo (betri ya lithiamu-polima) ikijaa ni volti 4.2; ukitua na kuiacha ipumzike inatakiwa iwe karibu na 3.7 au 3.8. Ikishuka sana wakati wa kuvuta, kidhibiti hukata nguvu kuilinda. Betri nzee, au propela kubwa kuliko mota inavyoiweza. Mwisho angalia vichwa vya waya: lehemu isiyong'aa, yenye nyufa ndogo, hukatika inapopata moto.

Simama hapa: betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, haiwekwi ndani ya nyumba. Ipeleke nje mbali na vitu vinavyoshika moto na uulize fundi wa betri jinsi ya kuitupa. Kwa wenye injini za mafuta, ukinusa petroli ndani ya bodi usiwashe mpaka mrija ulipokatika umepatikana.

"Redio inakatika"

Nimeiweka chini kwa makusudi. Kweli hutokea, ila kidogo kuliko inavyosingiziwa.

Antena ya risiva, kipokezi cha redio kilicho ndani ya ndege, ikiwa imelala juu ya waya wa betri au kipande cha kaboni, isogeze. Antena zikiwa mbili, moja iende kulia, nyingine iende juu. Kisha fanya kipimo cha umbali kama kitabu cha redio yako kinavyosema, mota ikiwa imezimwa, halafu mota ikiwa inazunguka, mtu mwingine akiwa ameishika ndege kwa nyuma. Ikipita ya kwanza na kushindwa ya pili, kelele inatoka kwenye mota au kidhibiti. Sevo zote zikisogea pamoja na risiva ikawaka upya, umeme wa risiva unaanguka; iwekee betri yake.

Hakikisha redio ikipotea mafuta yanakwenda sifuri. Jaribu kwa kuzima redio ukiwa chini, propela imetolewa. Ikiwa imekatika angani mara moja na hujaona sababu, usiirushe tena "kuona kama itarudia". Ipeleke kwa fundi wa redio. Na kabla ya kuirusha popote, waulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, inahitaji kibali gani.

"Nasikia mlio, kama nyuki"

Punguza mafuta papo hapo, inua pua taratibu, tua. Ni kipande kinachotetemeka: aileroni, usukani, au kitambaa kilicholegea. Shika kila kipande ukingoni na ukitikise. Kikicheza zaidi ya milimita moja bila sevo kusogea, tafuta bawaba iliyochomoka au tundu la fimbo lililopanuka. Usipande tena mpaka umekipata.

Bawa la juu

Hili halina malalamiko, kwa kuwa likianza kulalamika huwa imechelewa.

Mwishoni mwa Oktoba 1917 rubani Heinrich Gontermann alianguka baada ya bawa la juu la Dr.I yake kuvunjika angani, akafa. Muda mfupi baadaye akafa rubani mwingine, Günther Pastor, kwa namna hiyohiyo. Ndege zote zikazuiwa kuruka. Walipofungua mabawa wakakuta kazi ya hovyo na unyevu uliokuwa umeingia ndani na kuharibu gundi. Fokker akalazimika kupaka vanishi mihimili (mbao ndefu za ndani ya bawa) na mbavu (vipande vinavyolipa bawa umbo) na kuimarisha viungo vyake. Haikutosha: Machi 1918 Lothar von Richthofen, mdogo wake Baroni, alivunjikiwa tena na ukingo wa bawa la juu, akaanguka na kuumia. Mwaka 1929 watafiti wa NACA, taasisi ya utafiti wa ndege kule Marekani, walionyesha kwamba kwenye ndege ya mabawa matatu bawa la juu linabeba mzigo mkubwa kuliko la chini, kwa mwendo mkubwa hadi mara 2.55.

Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu, na kila baada ya kuanguka, mimi hufanya hivi. Nabonyeza kitambaa cha bawa la juu kwa kidole gumba kati ya kila mbavu mbili, polepole, nikisikiliza. Nashika ncha mbili na kulisokota kidogo. Linatakiwa lipinge, na lisilie. Natazama nguzo zinazolishika juu ya bodi, skrubu moja moja.

Mwaka juzi langu lililia. Sauti ndogo, kama kiberiti kinachovunjwa. Nilikata kitambaa kuanzia katikati, na mbavu ya tatu ikainuka na kidole: gundi ilikuwa imebanduka kutoka kwenye mhimili kama ukoko wa wali kutoka chini ya sufuria, kavu, umbo lote limebaki, haijashika kitu. Ndege ilikuwa imekaa stoo, karibu na dirisha linalovuja masika nzima. Mbavu nne zilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeirusha Jumapili iliyotangulia, na ilizunguka angani vizuri sana.

Mbavu moja ikibanduka, fungua bawa lote. Usibandike hiyo moja na kufunika. Kwangua gundi ya zamani, weka epoksi, paka vanishi nyembamba ndani, acha siku mbili. Mhimili ukiwa na ufa, usiunge. Jenga bawa jingine au mpe mjenzi mwenye uzoefu. Na kama yako ni ile ya kukaliwa, nakala kamili yenye kiti, usisikilize lolote nililolisema kuhusu epoksi: mwite mhandisi wa ndege mwenye leseni, na ifunge kamba mpaka afike.

Langu bado limening'inia ukutani bila kitambaa. Nangoja masika yapite.